Upande wa Kulia

Kwanza walitaka chuma.
Nikatema pini tatu, maana mshonaji husahau
kuwa mdomo wake ni mkebe,
nikavua bangili, nikavua kastabani ya kidole cha kati.
Mwanamvua akafunguliwa hirizi ya bibi yake, ile ya kijaluba cha bati.
Nikaifunga kwenye pindo la kanga, nikaishika kama nauli.

"Mama," akasema Mhina, kijana wa mashine,
"humo ndani asitikisike hata ukope."
Nikamtazama.
Mtoto huyu, ambaye mwili humchukua bila kubisha hodi,
ukamwangusha jikoni, kisimani,
mstarini asubuhi mbele ya bendera,
leo ndiye wa kuambiwa: tulia.

Akatulia.

Mashine ikagonga kama Barabara ya Nane mafundi bati wakiamka,
ngo-ngo-ngo, kimya, ngo-ngo-ngo,
na masikioni mwake sauti ya mwanamke ikimtajia kitu,
naye, mdomo kaufunga, atafute kitendo chake moyoni.
Moyoni, nilisema. Mhina akacheka kidogo: kichwani, mama.
Lakini sisi juzuu nzima tuliihifadhi kwa moyo,
na neno likipotea tunalitafuta kwenye ncha ya ulimi.
Nani aliwahi kulitafuta juu ya sikio?

Baadaye, kwenye benchi, midomo myekundu kwa ubuyu, akanisimulia.
Kisu? Kukata. Rahisi.
Kamba? Kuruka.
Mlango? Kuchungulia.
Maji? Hapo, mama, bibi akaingilia,
akasema madzi, kwa Kidigo, nikamwambia ngoja.
Mashine itajua kwamba tulikuwa wawili?

Juma la pili Daktari Semboja akatuwekea picha ukutani,
kichwa cha mwanangu kimechanwa vipande kama kitunguu cha kachumbari,
na doa la rangi ya machungwa.
"Huu si moto," akasema. "Ni makisio tu.
Neno lilipoitwa, damu ilikimbilia wapi."
Nikampenda kwa hilo neno, makisio.

Mimi niliiona nyumba. Nyumba yetu ya Ngamiani,
korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu huku.
Lugha ya watu wengi, akasema, imepanga kushoto.
Lakini kwa Mwanamvua, kushoto ndiko radi inakoanzia.
Bati linapigwa, ukuta unatetemeka, nani atalala?
Basi lugha yake, pengine kabla hajaniita mama,
ilikunja mkeka usiku,
ikavuka korido,
ikabisha hodi chumba cha pili.

Na mimi sikusikia mlango.
Niliona tu anachelewa kusema,
majirani wakaniambia kafungwa ulimi,
nikanunua mafuta, nikanunua jogoo mweusi kwa deni.
Kumbe mtoto alikuwa anahama!
Nani hupiga soga na huku kabeba kitanda kichwani?

"Kulia," daktari akaandika, akapiga mstari chini yake.
Kulia. Lugha yetu hapa ilifanya ubahili,
neno moja kwa mkono wa tonge na kwa jicho lenye maji.
Upande wa kulia chakula, upande wa kulia machozi.
Haya, ongezeni na hili: upande wa kusemea.

Kama watakata, watakata kushoto,
chumba alichokwisha kukihama mpangaji.
Kama. Bado kuna Dar es Salaam, bado kuna karatasi
zinazotaka saini ya baba yake,
na baba yake yuko Horohoro, simu haipokei.

Nimerudi kwenye cherehani. Sare za shule, kola arobaini.
Hirizi nimemfunga tena, bibi asijue ilivuliwa.
Mwanamvua kajilaza chini ya meza,
anahesabu vifungo kwa Kidigo,
anakosea baada ya sita, anarudi mwanzo.
Pini zimo mdomoni.
Simsahihishi.